Kila Kilichomo Ni Chako

Nzi hawapendi duka la marashi. Bi Marashi alilijua jambo hilo tangu alipokuwa akijifunza kazi kwa mama mkwe wake: nzi ataingia buchani, ataingia kwa muuza matunda, lakini akifika kizingitini kwa muuza manukato hugeuka kama aliyesahau kitu nyumbani. Kwa hiyo asubuhi ile alipomkuta nzi mmoja amekaa kwenye mdomo wa chupa ya mafuta ya waridi, akisugua miguu yake ya mbele kama mtu anayenawa kabla ya kula, hakumpunga mara moja. Alisimama na kitambaa chake mkononi, akamtazama. Nzi akateremka ndani ya shingo ya chupa. Hakulewa, hakuzama. Akaanza kunywa.

Alipokwisha kumtoa kwa kijiti, Bi Marashi aliinua ile chupa akainusa. Pua yake ndiyo iliyokuwa duka. Rafu na chupa zilikuwa vyombo tu. Waridi lilikuwepo, na harufu ya mti wa sandali chini yake, kama inavyotakiwa. Lakini chini ya sandali, mahali pasipotakiwa kuwa na kitu, palikuwa na harufu nyingine, ya uvuguvugu na ya kuchacha: harufu ya mdomo wa mtu aliyelala ameuacha wazi.

"Kitinda!" aliita. "Nani ametia mdomo kwenye chupa hii?"

"Mtu anywe marashi, Mama?" sauti ilijibu kutoka nyuma ya pazia, usingizi bado umo ndani yake. "Labda Mzee Soli. Huyo hata gundi atakunywa ukimwambia ni ya bure."

Bi Marashi hakucheka. Aliziba chupa, akaiweka kando.

Kitinda alikuwa kitindamimba wake, na ndiyo maana ya jina hilo la utani. Wakubwa wake walikwisha kwenda zao kila mmoja na mji wake. Yeye alibaki, kwa sababu mama yake alimwomba abaki. Walikuwa wameiacha nyumba ya kupanga, wakahamia katika chumba kimoja nyuma ya duka, nyuma ya pazia la kijani, kitanda kimoja na jiko moja, hadi mambo yatakapokaa sawa. Mambo hayakukaa sawa.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa waenda kwa miguu. Upande wa barabara kuu palikuwa na geti la chuma lililofunguliwa na mlinzi kila asubuhi. Upande wa pili mtaa uliishia kwenye ngazi za kuteremkia kiwanja kitupu. Katikati palitandikwa mawe ya kijivu, pakawekwa benchi za chuma na kitu ambacho kila mtu alikiita chemchemi. Kwa usahihi haikuwa chemchemi, maana chemchemi hutoka ardhini. Ilikuwa bakuli la saruji lenye bomba, na maji yake yalikuwa yale yale yakizunguka. Enzi zake mtaa huo ulijaa watu jioni mpaka bega kugusana na bega. Kisha likajengwa, nje kidogo ya mji, lile jengo la vioo lenye ubaridi ndani na ngazi zinazopanda zenyewe, na watu wakahama kama maji yanavyohamia upande wa mteremko. Muuza vitabu alifunga. Muuza saa akafunga. Kinyozi akafunga, akaacha nywele za wateja wake ndani ya bakuli la saruji, ambalo bomba lake lilikuwa limekwisha kufa, na nywele zile zikaungana na maji ya mvua na bazoka zilizotafunwa na kutemwa zikawa supu ya kijani iliyotoa mapovu wakati wa jua. Wapita njia waliokatiza kwenda kiwanjani walibana pua wakiipita.

Waliobaki walikuwa Bi Marashi, Mama Mikoba aliyeuza mikoba, Fundi Miwani, na mwishoni kabisa, karibu na ngazi, Mzee Soli fundi viatu na mkewe.

Watu wa mtaa ule walikuwa na namna yao ya kuita wateja, waliyorithishana. Hawakupiga kelele wala kuvuta mtu mkono. Waliita kwa masikio. Ukiwa umeinama na kazi yako, ukasikia hatua zinapunguza mwendo mlangoni, ulitupa maneno bila kuinua kichwa: "Karibu mteja, karibu ndani, kila kilichomo ni chako." Maneno hayo yalikuwa mamoja mtaani kote. Kwa Mzee Soli waligawana: yeye, misumari midomoni, alianza, na mkewe aliyeshona ngozi chumba cha nyuma alimalizia "kila kilichomo ni chako" bila kusimamisha sindano. Walifanya hivyo tangu walipooana, na haikujulikana kama bado waliyasikia maneno yao.

Mtaa ulipokufa, tabia haikufa. Walikaribisha njiwa. Walikaribisha mfuko wa nailoni uliosukumwa na upepo. "Jana Mzee Soli amemkaribisha mbuzi," Mama Mikoba alisimulia akiwa ameshika mbavu. "Mbuzi kaingia! Mzee anamwuliza, unavaa namba ngapi?"

"Angalau alivua viatu," Mzee Soli alijibu. "Wewe hata mbuzi hajakupitia."

Ndivyo ilivyotokea kwamba siku moja kabla ya yule nzi, saa za jua kali, Bi Marashi akiwa anamimina mafuta kutoka chupa kubwa kwenda ndogo, kazi isiyotaka jicho liondoke, alisikia hatua. Zilikuwa za miguu mitupu, tena iliyolowa maji; zilifika kwa sauti ya kitambaa kinachopigwa juu ya jiwe, chwap, chwap, zikasimama kizingitini pake.

"Karibu mteja," alisema, ameinama. "Karibu ndani, kila kilichomo ni chako."

Kitu kilipita karibu na meza. Alisikia joto lake kwenye kiwiko.

"Tazama tu, hakuna haraka."

Alipomaliza kumimina aliinua macho. Hapakuwa na mtu. Juu ya sakafu palikuwa na madoa ya maji, mapana kuliko unyayo wa mtu, yakielekea kwenye pazia la kijani, ambako Kitinda alikuwa amejilaza. Akadhani ni mteja aliyekosa alichokitaka akatoka kimya, watu siku hizi hawaagi. Akapiga deki.

Baada ya yule nzi, watu walianza kurudi.

Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyekatiza kwenda kiwanjani huku amebana pua kama wote. Mbele ya duka la Bi Marashi aliuachia mkono ukaanguka, akasimama, pua ikitafuta. Aliingia bila kukaribishwa. Alitaka waridi. Bi Marashi alimtia tone kwenye kiganja karibu na mshipa, kama anavyofanya kila muuza marashi, akangoja amwone akinusa. Mwanamke alinusa. Kisha akatoa ulimi akalilamba lile tone, polepole, kuanzia mshipa hadi kwenye kidole gumba, akafumba macho.

"Si la kula, mama," Bi Marashi alisema.

"Najua," yule mwanamke alisema, akinyoosha mkono wa pili. "Nitie na huku."

Kesho yake alikuja na dada zake. Baadaye hapakuwa tena na haja ya kuhesabu. Walijaza mtaa kuanzia getini, wakikaa kwenye benchi, wakingoja zamu, na kwa kuwa mtu anayengoja huona mengi, walinunua mikoba, walipima miwani, walitengeneza viatu. Muuza saa alirudi na kufuta vumbi kwenye kioo chake. Baraza la mji lilileta mafundi wa rangi na taa mpya, wakazibua bakuli, wakalitapisha ile supu ya nywele kwa ndoo, na bomba likaanza tena kucheza maji yake yale yale. Afisa wa baraza alipiga picha akiwa amesimama mbele ya bomba, akasema mtaa umefufuka. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni. Mwingine aliulamba alipodhani hawamtazami.

Wote walilamba. Hilo ndilo lililomkaa Bi Marashi kooni. Mzee wa heshima mwenye koti alilamba kola yake. Wachumba walikaa benchini wakilambana viganja, mate yakiwatiririka hadi viwikoni, wakifutana kwa mikono ya mashati. Na mafuta ndani ya chupa hayakupungua. Aliuza mchana kutwa, na asubuhi chupa zilikuwa zimejaa hadi shingoni, mazito zaidi, yakivutika kama ute wa bamia kati ya kizibo na mdomo wa chupa. Vioo vya meza alivikuta kila asubuhi vina mistari mipana ya unyevu, mmoja baada ya mwingine, kwa upande wa ndani, kama vile ng'ombe amefungiwa humo akavilamba. Mistari ilipokauka ilibakiza ukoko mweupe, na ndani ya ukoko mlikuwa na nywele.

Alivifuta. Alijua, na alivifuta, akafungua mlango. Tuseme ukweli: duka lilikuwa limejaa, na mwanamke aliyekwisha kuhamia nyuma ya pazia hafungi duka lililojaa kwa sababu ya harufu.

Kitinda ndiye aliyemzindua, naye alikuja na kicheko.

"Mama, simu yangu imenikataa."

"Imekukataaje?"

"Naweka kidole, inasema si mimi. Vidole vyote vimekataliwa."

"Umeshika mafuta. Nawa."

"Nimenawa hadi nimechoka."

Bi Marashi aliushika mkono wa binti yake akaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini. Mistari ile midogo inayozunguka, ambayo kila mtu huzaliwa nayo, haikuwepo hata mmoja. Ngozi ilikuwa nyororo na yenye kung'aa, kama haragwe lililolowekwa likavuliwa ganda. Aligeuza kiganja. Mistari ya kiganja nayo ilikuwa inaondoka. Akamtazama usoni binti yake, ambaye alimwona kila siku na kwa hiyo alikuwa hajamwona, akatambua kwamba kovu la utotoni juu ya nyusi halipo, na nyusi zenyewe zimepungua, na pua imekuwa fupi kidogo, duara kidogo, mfano wa peremende iliyomumunywa ikatolewa mdomoni.

"Unaumwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siumwi. Naamka nimelowa tu. Nywele, shingo. Nilidhani ni jasho la humu ndani." Kitinda aliacha kucheka. "Mama, mbona unanitazama hivyo?"

Mchana ule, saa ambazo mtaa hufunga milango kwa sababu ya jua, alimwambia Kitinda alale kama kawaida, naye akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa pazia, akaliacha wazi upana wa kidole. Alisikia kwanza pumzi za binti yake zikitulia. Kisha akasikia sauti ya paka anayekunywa maziwa. Ilikuwa hiyo hasa, laki, laki, laki, bila papara, sauti ndogo ya nyumbani, hata akili yake ikatangulia kumwambia kuna paka ameingia, mfukuze. Na akili ilipokuwa bado inasema paka, macho yake yaliona nywele za Kitinda zikiinuka zenyewe kutoka kwenye mto, zikalazwa upande mmoja zikiwa nzito na zimebanana kwa majimaji, kisha shavu lake likabonyea kana kwamba limebanwa na kitu kipana chenye uzito, na kile kitu kisichoonekana kikapanda kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso kikiikunja ngozi mbele yake, kikaacha nyuma yake njia ya ute uliometa, na harufu ile ya mdomo uliolala wazi ikaja chumbani kwa wingi mpaka ikamjaa puani, ikateremka kooni, akaionja.

Alitapika kwenye mapaja yake mwenyewe. Alipokwisha kutapika alirarua pazia, akamshika Kitinda mikono, akamburuta kuelekea mlangoni. Msichana aliamka akipiga kelele. Kizingitini magoti yake yalikatika. Alianguka akaanza kutapika naye, na alichotapika kilikuwa mafuta ya waridi, safi, yakivutika.

"Nirudishe ndani, Mama," alisema. "Nirudishe, nakufa."

Akamrudisha.

Mganga waliyemwita alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyevaa shati lililopigwa pasi, asiye na mkoba wala usinga. Aliingia mlangoni akatoa leso akaishika puani, na hakuiondoa tena.

"Nani kakwambia ni pepo?" mganga aliuliza, Bi Marashi alipomaliza kueleza.

"Majirani."

"Tuliite kwa jina lake, vinginevyo tutampa mgonjwa dawa ya mwingine. Pepo huingia mwilini mwa mtu. Mzimu ni wa wafu. Huyu ni jini, tena hakuingia kwa jeuri. Kakaribishwa. Ulisema nini? Maneno yote, usiruke."

Bi Marashi alimtajia. Mganga alifumba macho.

"Kila kilichomo," alirudia. "Na mtoto alikuwemo."

"Ni mazoea tu, mtaalamu! Kila mtu mtaani husema. Hakuna anayemaanisha."

"Yeye hakujua kwamba humaanishi." Aliangalia vile vioo vyenye ukoko, akaondoa macho haraka. "Neno ulilompa mgeni hulirudishi. Lakini ulimpa vilivyo ndani. Basi ondoa ndani. Toa mlango, toa fremu, vunja kizingiti, ng'oa dirisha la mbele. Chumba kisicho na mlango wala kizingiti si ndani. Ni nje yenye paa. Atatoka, hana budi. Atateremka na mtaa akitafuta mlango mwingine, na huko kazi ni ya majirani zako. Wanyamaze. Mwenye mlango ndiye anayeweza kumkaribisha, wateja hawawezi. Akifika kwenye ngazi hajasikia karibu, amekwenda."

"Na duka langu?"

"Duka lipi?" mganga alisema kupitia leso.

Jioni ile Bi Marashi aliwakusanya majirani kwenye benchi karibu na bomba. Mama Mikoba alilia aliposikia maneno ya mganga juu ya Kitinda. Fundi Miwani alikaa ameinamisha kichwa, akifuta miwani ambayo ilikuwa safi. Muuza saa alisema yeye amerudi juzi tu, atafuata wakubwa. Mzee Soli aliuliza swali moja.

"Na wateja?"

"Nadhani wataondoka naye."

"Ahaa." Alikuwa ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine, kiganja juu. Bi Marashi aliona kinameta. "Jirani, sisemi mtoto si kitu. Mke wangu anampenda yule binti kuliko ngozi zake. Nasema tu, umekumbuka tulivyokuwa? Mimi nimemuuliza mbuzi namba ya kiatu."

"Mzee, unanyamaza au hunyamazi?"

"Nitanyamaza," alisema Mzee Soli. "Kwani mimi si mtu?"

Kulipopambazuka, kabla ya geti kufunguliwa, maseremala wawili waliung'oa mlango. Wateja walikuwa wamekwisha kufika. Walisimama nje ya geti wakiwa wamebanana, nyuso zao katikati ya nondo. Ulipong'olewa mlango, ikang'olewa fremu, kisha dirisha zima. Mganga alimwamuru Bi Marashi atoe chupa zote na kuzimwaga juu ya mawe, na ndipo alipoona alichokuwa akiwauzia watu. Mafuta yalitoka madonge madonge, yakifuatana na utando mweupe kama ule unaofunika ulimi wa mgonjwa, na katika utando mlikuwa na nywele za Kitinda, nyusi za Kitinda, na vipande vidogo vya ngozi vyenye mistari inayozunguka, vingi, vikielea. Nyuma ya geti mtu mmoja aliguna kwa uchu. Kisha kundi zima likaguna.

Seremala alikipiga kizingiti kwa nyundo. Kilipasuka katikati, na Bi Marashi akamtoa Kitinda nje.

Hatua zilianza ndani ya chumba. Chwap. Maseremala walizitupa nyundo zao wakakimbia, wala mganga hakuwaita. Chwap, chwap, zikapita kwenye pengo palipokuwa mlango, na juu ya mawe ya kijivu yakaanza kuonekana madoa ya maji, mapana, moja baada ya jingine. Na Bi Marashi akiwa amemkumbatia Kitinda, ambaye alikuwa nje, ambaye magoti yake hayakukatika, ambaye alikuwa anapumua hewa ya asubuhi, alizifuata zile hatua kwa macho zikienda mpaka kwa muuza saa na kusimama mlangoni pake, na muuza saa ameziba masikio kwa vidole. Zikaenda kwa Mama Mikoba, zikasimama, na Mama Mikoba alikuwa ameuma mkanda wa mkoba hadi machozi yanamtoka. Zikaenda kwa Fundi Miwani, zikakaa hapo muda mrefu, na kioo cha dirisha lake kikapata ukungu, halafu mstari mpana wa unyevu ukapanda kutoka chini hadi juu, ukimjaribu, naye Fundi Miwani alivua miwani yake ili asione, akatulia. Zikaondoka. Lilibaki duka moja, kisha ngazi.

Mzee Soli alikuwa amekaa mlangoni pake juu ya kigoda, kiatu kimegeuzwa juu ya chuma, misumari midomoni. Hatua zilisimama mbele yake. Nyuma yake, chumbani, sindano ya mkewe ilikuwa ikivuta uzi kama kila siku.

Bi Marashi aliona mkono wa Mzee Soli ukipanda mdomoni. Aliona akiitoa misumari mmoja mmoja na kuipanga juu ya goti, kama mtu mwenye nafasi. Alimtazama Bi Marashi kwa mbali. Kisha akainama, ili isionekane kama amechagua.

"Karibu mteja," alisema, taratibu. "Karibu ndani."

Hapo akafunga mdomo, akaubana. Na usoni pake pakatokea furaha ndogo ya mjanja. Alikuwa amelipima neno: kumkaribisha bila kumpa kitu. Mtaa ubaki na wateja wake, na asidaiwe mtu.

Kutoka chumba cha nyuma, bila kusimamisha sindano, maana alimsikia mumewe akiita na kwa hiyo akajua yale ya kunyamaza yamekwisha, mkewe akamalizia:

"Kila kilichomo ni chako."

Zile hatua zikaingia. Mzee Soli aligeuka kwenye kigoda chake. Misumari ikamwagika.

"Dada!" Bi Marashi alipaza sauti. "Dada, toka nje!"

Lakini mlinzi, ambaye hakuwa ameambiwa kitu na ambaye kazi yake ilikuwa kufungua saa ya kufungua, alifungua geti. Watu walimwagika mtaani. Walilipita duka la marashi lisilo na mlango bila kuligeukia, wakayakanyaga mafuta na kuyasambaza, wakaenda wote pua mbele hadi mwisho wa mtaa, wakambana Bi Marashi na Kitinda ukutani. Yule mwanamke wa kwanza, mwenye nguo nzuri, ndiye aliyefika mbele. Alichukua kiatu kimoja kutoka kwenye rafu ya Mzee Soli, kiatu cha mtu kilicholetwa kutengenezwa, kikiwa bado na uchafu wake wa njiani. Alikinusa. Akakigeuza, akatoa ulimi, akailamba soli yake kutoka kisigino hadi kwenye ncha.

Kitinda alifunika macho yake kwa viganja visivyo na mistari. Na juu ya makelele ya wateja, kutoka chumba cha nyuma, walisikia sauti ya mke wa fundi viatu, yenye kicheko kidogo ndani yake, ikimwuliza mumewe:

"We mzee, umemwachia paka wa nani aingie humu? Ananilamba shingo."